Agizo Lisilorudiwa

Jumapili, 9 Machi

Kwa Kapteni,

Mimi ndiye niliyepiga simu mnarani. Hilo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu, na hata kwenye sala nalizungukazunguka tu. Leo nakuambia wewe ambaye sura yako siijui, kwa sababu sauti yako naijua.

Shikamoo. Nilipaswa kuanza na hiyo, nisamehe. Mimi ni binti wa yule mwongoza ndege aliyekuwa zamu Jumanne ya tarehe 18 Februari. Barua uliyomwandikia Baba ilifika. Ameificha kwenye droo ya soksi, chini kabisa, na hajaijibu. Niliikuta nikipanga nguo. Nikaisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umemuuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukunirekebisha?" Jibu ninalo mimi.

Kwetu hakuna anayetumwa kitu bila kurudia. Baba akisema, "Nenda dukani, lete chumvi na kiberiti, ukifika barabarani simama kwanza," lazima nami niseme, "Naenda dukani, naleta chumvi na kiberiti, nikifika barabarani nasimama kwanza." Nikiacha "nasimama" ananirudisha kutoka mlangoni, hata kama mvua inanyesha. Mama alishamwambia, "Mimi sirudii. Mimi si ndege, mimi nimeolewa." Baba alicheka, kisha akasema kwamba rubani anaweza kusahau kila kitu akakumbushwa, ila kusimama lazima akutamkie kwa mdomo wake mwenyewe, na asipotamka usimwache asogee hata hatua. Kwa hiyo kanuni hiyo naijua tangu sijajua kuandika. Siwezi kusema sikujua.

Siku ile shuleni nilipangiwa kusoma hotuba mbele ya shule nzima na wageni, kwa ile lugha nyingine, ya madarasani. Kuiandika naiweza. Kuisema mbele ya watu, ulimi unageuka gogo. Mwaka jana nilikwama kwenye neno la tatu, darasa likaangua kicheko, na mpaka leo kuna wanaoniita Redio Mbovu. Saa nne asubuhi nikamwambia karani wa shule tumbo linaniuma, naomba nimpigie Baba. Simu yake ya mkononi huwa anaiacha kabatini chini, hairuhusiwi juu. Lakini namba ya simu ya mezani ya mnarani imebandikwa nyuma ya mlango wa kabati letu la vyombo, kwa wino mwekundu: DHARURA TU. Naijua kwa kichwa.

Akapokea mwenyewe, maana mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa. Karani akatoka kwenda kugonga kengele. Nilitaka kusema, Baba njoo unichukue, naogopa. Nikajua kwa hilo hatakuja. Nikasema, "Baba, Mama ameanguka."

Mama hakuwa ameanguka. Mama alikuwa nyumbani anapiga pasi. Lakini moyo wake unamsumbua miaka mingi, wote tunajua, kwa hiyo uongo wangu ulipata miguu ya kusimamia.

Kiti cha Baba kilikwaruza sakafu. Nyuma yake, kwenye spika, nikasikia sauti ya mwanamke anataja njia atakayopita, ametulia kama msomaji wa taarifa ya habari. Akamaliza. Pakawa kimya. Kisha Baba akaniuliza, "Anapumua?" Nikasema sijui. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi na mbili, dakika ileile uliyoitaja kwenye barua yako. Halafu Baba akapiga kelele, si kwangu, akaiacha simu. Nilimsikia akiita namba ya ndege yako mara tatu.

Ulirudia njia, hukurudia kusimama. Alipaswa kukurudisha. Hakukurudisha kwa sababu alikuwa ananisikiliza mimi. Nawe ukavuka njia ya kurukia, na yule wanayemwita Babu Mizigo, aliyekuwa anatua na kindege chake, akakukwepa akaingia mtaroni.

Jioni Baba alimkuta Mama anakunja nguo. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso kama anampima homa. Kisha akanitazama mimi. Hakuuliza. Mpaka leo hajauliza. Hotuba yenyewe ilisomwa na mwingine, wakampigia makofi.

Kikao cha uchunguzi ni tarehe 16 Aprili. Nimemsikia akimwambia Mama kwamba wataulizia zile sekunde saba alizonyamaza, naye atasema hana sababu. Sijui nikuombe nini. Labda usimchukie tu. Ukitaka kujibu, tuma kwa sanduku la shule, kupitia kwa mkutubi. Yeye hafungui barua za watu, hufungua madirisha tu.

Binti wa mnarani

*

Jumatatu, 17 Machi

Binti,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya kwanza niliisoma kwa hasira. Nilidhani ni ya baba yako. Nilidhani amemkalisha mtoto mezani amwandikie, moyo wangu ulainike kabla ya kikao. Unisamehe, mtu aliyesimamishwa kazi huona mtego hata ndani ya kikombe cha chai. Halafu nikafika pale alipokuuliza, "Anapumua?" Hilo halitungwi.

Umekuwa mkweli, nami niwe mkweli. Hiyo barua ni dawa yangu. Mitaani mimi ndiye yule mwanamke aliyevuka bila ruhusa. Jirani yangu, mtu mzima na ndevu zake, ananiuliza kama nikiendesha gari huwa naona taa nyekundu. Nikiiweka barua yako mbele ya kikao, shingo zote zitageuka kumtazama baba yako: simu sikioni, yuko zamu, ndege inatembea. Leseni yangu ningerudishiwa kabla mvua hizi hazijakatika. Imekaa mezani kwangu siku nne. Sijui nitaifanya nini, na sitakudanganya kwamba najua.

Ila kuna mahali umepita haraka. "Hukurudia kusimama," umeandika, kisha ukakimbilia makosa yako. Ngoja nikae hapo mimi. Nimeruka kutoka uwanja huo miaka kumi na moja. Baba yako sijawahi kukaa naye meza moja, lakini akiwa na mafua najua. Miaka ya mwanzo alikuwa ananibana: "Rudia yote, Kapteni." Baadaye nikaanza kuruka neno, naye akaanza kuniachia, kwa sababu alijua nitasimama tu. Na kweli nilisimama, kila mara. Tulizoeana kama mke na mume wanaoagizana kwa kope. Mazoea yana taabu, mwanangu. Siku ile taa moja ya tahadhari iliwaka, nikainamia kuitazama. Msaidizi wangu alikuwa anasoma orodha ya ukaguzi. Agizo la baba yako lilinipita kama mlio wa saa ya ukutani, ulio masikioni na huusikii. Nikajibu nusu. Nikangoja anibane. Hakunibana. Nikajiambia, basi njia ni nyeupe.

Kwa hiyo sekunde saba hizo si zako peke yako. Sisemi hivyo kukubembeleza. Bado ulidanganya, na bado natamani usingepiga.

Juzi nilikwenda kumwona Babu Mizigo. Kuanzia kiunoni kushuka chini mwili hauna habari naye. Nilibaki kwenye kizingiti cha wodi. Akaniona. "Karibu, Malkia wa Lami! Leo umesimama mlangoni. Kumbe unaweza!" Wauguzi walicheka, naye alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda kulilia kwenye ngazi.

Kapteni

*

Jumapili, 23 Machi

Kwa Kapteni,

Shikamoo. Nilidhani nimekuandikia siri, kumbe nimekuandikia ushahidi. Nilipofika kwenye "hiyo barua ni dawa yangu" nilikwenda chooni pale shuleni nikakaa mpaka kengele ya mwisho. Itumie kama unataka. Hapana, usiitumie. Nimeandika yote mawili nikafuta yote mawili, na sasa nayaacha, uone mwenyewe nilivyo.

Baba anashinda nyumbani. Mama anasema mwanamume akikaa nyumbani mchana kutwa anaonekana mkubwa kuliko kiti. Saa kumi na moja alfajiri anaamka bado, ananyoa ndevu, anavaa shati jeupe la kazi, halafu anakaa jikoni. Ndege ikipita juu anaacha kutafuna. Hatazami dirishani, anasikiliza tu mpaka iishe, ndipo anaendelea. Na hataki tena turudie maagizo. Juzi aliniambia, "Lete maji," nikasema, "Naleta maji," akasema, "Wewe lete tu." Nilitamani angenigombeza.

Nilijaribu. Jumatano nilimpelekea chai barazani, nikabaki nimeshika sinia kama mhudumu anayengoja bakshishi.

"Baba."

"Naam."

"Siku ile..."

"Sukari haitoshi," akasema.

Nilikuwa nimetia vijiko vitatu. Yeye hunywa kimoja. Nikaichukua, nikaenda jikoni, nikatia cha nne, nikamrudishia, akainywa yote bila kukunja uso. Kapteni, mimi kwenye karatasi sina breki, lakini mdomo wangu unanisaliti kwa lugha zote mbili.

Mwambie Babu Mizigo pole. Usimwambie imetoka kwa nani. Ile barua yako nimeilaza chini ya godoro langu, na usiku naisikia ikilia kila nikigeuka.

Binti wa mnarani

*

Jumapili, 30 Machi

Kapteni,

Salaam. Nimechelewa kukujibu na sina udhuru.

Mke wangu alipokuwa anageuza magodoro ameikuta barua uliyomwandikia binti yetu. Alinipa, nami niliisoma.

Uliniuliza kwa nini sikukurekebisha. Nilizembea. Andika hivyo, nami nitasema hivyo mbele ya kikao. Ulinipa nusu ya agizo, nikaipokea kama nzima. Kazi yangu ilikuwa kuidai nusu ya pili, na ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo dakika ile.

Simu anayoisema mtoto haikuwepo. Kinasa sauti cha mnarani kina redio tu, na redioni hakuna simu. Ana miaka kumi na sita, ni mtoto wa haya, ana tabia ya kujitwisha mizigo ya watu. Na hata kama ingekuwepo, mtoto aliyeogopa kusimama mbele ya watu hana kosa kumtafuta baba yake. Lakini haikuwepo.

Nakuomba kama mzazi: barua zake zichome, na usimjibu tena. Ukitaka mtu wa kumlaumu, mimi nina mabega.

Habari za kifo cha Babu Mizigo nimezipata leo asubuhi. Miaka yote hiyo alikuwa akitua ananiambia redioni, "Nimerudi, mzee, weka chai." Nimejaribu kuandika zaidi ya hapo, nimeshindwa.

Mwongoza ndege

*

Jumapili, 6 Aprili

Binti,

Nimeombwa nisikujibu. Nakujibu, halafu basi.

Babu Mizigo tulimzika Alhamisi. Ilikuwa damu iliyoganda, ikapanda mapafuni alfajiri, wakati muuguzi anabadilisha zamu. Nilikaa nyuma kabisa. Mjane wake alinijia mwenyewe, akanishika mkono akauliza nimekula. Mtu akikutukana unajua la kufanya.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili. Moja ni barua yako ya kwanza. Sikuinakili, sikumwonyesha mtu, na alama hiyo ya duara ni ya kikombe changu. Ya pili ni barua ya baba yako kwangu. Si uungwana kumwonyesha mtoto barua ya mzazi wake, lakini isome.

Umeisoma? Sasa rudi pale anaposema "mtoto aliyeogopa kusimama mbele ya watu." Mimi kwenye barua yangu, hiyo iliyokutwa kitandani kwako, sikuandika popote kwamba uliogopa, wala habari za hotuba. Nimeikumbuka sentensi kwa sentensi. Hayo ulinieleza mimi peke yangu. Amejuaje? Kuna njia moja tu: alikwenda shuleni kwenu akauliza. Anajua ulipiga, anajua ulidanganya, anajua kwa nini. Inawezekana alijua kabla hujaandika hata mstari mmoja. Na bado anasema simu haikuwepo.

Wewe ni mkubwa wa kutosha kuambiwa linalofuata. Babu Mizigo alipokuwa hai hili lilikuwa suala la leseni na kibarua. Sasa mtu amekufa. Wakitoka kwenye kikao, faili linakwenda polisi, na baba yako akisema mwenyewe "nilizembea", neno hilo ndilo watakalomfungia. Mtu aliyeambiwa mkewe ameanguka, akapotea sekunde saba, amekosa, lakini hakuzembea. Mimi natamani mtu angesema hivyo mbele yao.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilidhani inaniokoa mimi. Nilikosea. Inamsaidia yeye, na inakuumiza wewe. Watakuwepo watu watakaosema wewe ndiye uliyeua, wengine hadharani, wengine kwa macho, na hayo yatakaa nawe miaka. Sikufichi. Baba yako ameliona hilo, ameamua aende yeye.

Langu nitalisema: sikurudia agizo la kusimama, na haikuwa mara ya kwanza. Leseni waichukue. Lako siwezi kulisema, si kwa sababu nimeombwa, bali kwa sababu nikilisema mimi litakuwa tuhuma, na baba yako akiulizwa atalikana. Usipolisema, sitakulaumu. Nitakuelewa zaidi ya unavyodhani.

Kapteni

*

Jumapili, 13 Aprili

Kwa Kapteni,

Shikamoo. Ilifika Ijumaa. Mkutubi alinipa akasema, "Hii nzito, ni posa?" Nikacheka, nadhani nilicheka.

Nilikwenda kwa karani wa shule kabla sijasoma hata mara ya pili. Nikamuuliza kama Baba aliwahi kufika. Akasema, "Hee, kitambo! Kesho yake ile ajali. Alisimama hapo kaunta na kofia mkononi, akauliza binti yangu jana alikuwa na nini. Nikamwambia alikuwa na hotuba, tumbo likamshika, mtoto wako muoga huyo. Akasema asante sana. Akaniomba nisikuambie amekuja." Kisha karani akashika mdomo.

Kesho yake, Kapteni. Tarehe 19 Februari. Siku zote hizi nimekuwa nikijificha kwa mtu ambaye ameshaniona. Ile chai ya vijiko vinne aliinywa akijua.

Kuna msichana wa kidato cha kwanza hapa shuleni, anavaa soksi ndefu za kaka yake. Ni mjukuu wa Babu Mizigo. Wiki iliyopita amerudi, anapanga mstari wa mbele asubuhi, na wasichana wakubwa wanamgombania kumbebea mkoba. Mimi nilimbebea Alhamisi. Akaniambia asante dada. Nikisema, naye atajua. Nimelifikiria hilo kuliko polisi, kuliko magazeti. Natafuta njia ya kusema ambayo yeye hataisikia, na haipo.

Nimewaandikia watu wa kikao. Kurasa mbili, kwa ile lugha yao, nimeiandika bila kufuta. Nimetaja saa, nimetaja karani, nimetaja namba ya simu na neno nililosema. Nimeandika kwamba baba yangu atakana na kwamba wasimwamini. Mwishoni nimeandika kwamba niko tayari kuja kusema kwa mdomo. Sentensi hiyo ndiyo iliyonichukua mchana mzima, kwa sababu si kweli, siko tayari. Nimejisomea kwa sauti mbele ya kioo, nimekwama kwenye mstari wa pili. Nikaanza tena nikakwama hapohapo. Mara ya sita nikapita.

Mama anajua. Hakuniambia anajua, ila jana alipokuwa ananisuka, mikono ikatua kichwani kwangu. Akasema, "Mimi moyo wangu ni wa kuanguka siku yoyote, mwanangu, kwa hiyo hukunichulia. Lakini baba yako umenichoshea." Kisha akaendelea kusuka, akakaza kuliko kawaida.

Baba alikuwa jikoni. Amepiga pasi shati la Jumatano, la kikao, na leo ni Jumapili. Sasa amezima taa ya jikoni. Namsikia kwenye korido, kandambili moja inapiga sakafu kwa nguvu kuliko nyingine. Hapiti kwenda chumbani kwake. Anakuja huku.

Mkono wangu umeshavuta daftari la hisabati, kama ulivyofanya kila nilipokuandikia, kufunika. Nimelirudisha. Hii yako naiacha ilipo. Zile kurasa mbili za kikao nimezigeuza, maandishi yatazame upande wa mlango, asome bila kuinama.

Anagonga. Huwa hagongi. Nimesema, "Karibu, Baba," na imetoka bila kukwama.